Mada ya 7: Kubuni Fomu ya Kuingiza Data Inayoruka Nyuga Zisizohusika

Ukimaliza mada hii uweze:

(a) kueleza kwa nini fomu nzuri haimwulizi kila mtu kila swali;
(b) kutambua swali la njia panda na nyuga zinazolitegemea;
(c) kuandika kanuni ya kuruka kwa mtindo wa KAMA … BASI … VINGINEVYO;
(d) kutofautisha uga ulio tupu, uga wenye sifuri na uga usiomhusu mtu;
(e) kuijaribu fomu kabla ya kuikabidhi kwa watumiaji.

7.1 Maneno ya msingi

*Kanzidata* ni mkusanyiko wa data zilizopangwa ili zihifadhiwe, zitafutwe na zitumiwe kwa urahisi. Vitabu vingine huiita hifadhidata. Maana ni ileile.

*Jedwali* ni mahali data zinapokaa ndani ya kanzidata. Kila mstari wa jedwali ni *rekodi* moja, yaani taarifa zote za mtu mmoja, kaya moja au kitu kimoja. Kila safu ni *uga* (wingi: nyuga), yaani aina moja ya taarifa, kama vile jina, kijiji au idadi ya ng'ombe.

*Fomu* ni sura ambayo mwingizaji wa data anaiona kwenye skrini. Fomu haihifadhi data; inazipokea na kuzipeleka kwenye jedwali. Kumbuka tofauti hii, kwa sababu tutairudia katika kifungu cha 7.8.

*Swali la njia panda* ni swali ambalo jibu lake linaamua maswali yapi yafuate. Ukijibu Ndiyo unapita kulia, ukijibu Hapana unapita kushoto.

*Kanuni ya kuruka* ni agizo linaloiambia fomu ipite nyuga fulani bila kuziuliza, kutokana na jibu la swali la njia panda.

7.2 Kwa nini fomu iruke?

Sababu ya kwanza inayokuja akilini ni muda. Ni kweli, lakini si sababu kubwa kuliko zote. Mtahiniwa anayetaja muda peke yake hupata alama moja na kuziacha nyingine. Sababu ziko tatu:

1. *Kuokoa muda.* Mtu asiyefuga haulizwi ana mbuzi wangapi.

2. *Kupunguza makosa.* Uga ulio wazi hushawishi kujazwa. Mwingizaji aliyechoka akikuta uga wa "idadi ya ng'ombe" kwa mtu asiyefuga, ataandika 0, au kistari, au neno "hana", au ataacha tupu. Siku nne, majibu manne, maana moja.

3. *Kulinda maana ya data.* Fomu ikiruka kwa kanuni, kila uga ulio tupu unaweza kuelezwa kwa nini ni tupu. Fomu isiyo na kanuni huacha matundu yasiyo na maelezo. Sababu hii ndiyo kiini cha mada, na ndiyo inayosahauliwa zaidi.

7.3 Mfano halisi: Sensa ya Watu na Makazi

Tangu Muungano, Tanzania imefanya sensa sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Katika sensa ya 2012 makarani walijaza madodoso ya karatasi. Katika sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 walitumia vishikwambi. Baadaye Serikali ilielekeza vishikwambi hivyo vigawiwe walimu, kwa hiyo huenda umekiona kimoja shuleni kwako.

Kwenye dodoso la karatasi, kanuni ya kuruka huandikwa kwa maneno au kwa mshale pembeni mwa jibu: *Kama Hapana, nenda swali la 20.* Mwenye kuitii kanuni hiyo ni karani. Akiusahau mshale, anauliza swali lisilohusika. Akiruka zaidi ya inavyotakiwa, anaacha swali linalohusika. Kosa hugunduliwa ofisini, wakati kaya yenyewe imeshaachwa nyuma.

Kwenye kishikwambi, kanuni huandikwa ndani ya programu. Mtoto mchanga akiingizwa kwenye orodha ya wanakaya, programu inaweza kuyapita maswali ya kazi bila karani kufanya lolote. Maswali ya uzazi nayo yanaweza kufunguliwa kwa wanawake wa umri unaohusika pekee. Kanuni imetoka kichwani mwa karani na kuingia kwenye fomu.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na Mkoa wa Rukwa peke yake ulikuwa na watu 1,540,519. Fikiria swali moja lisilo la lazima likiulizwa mara milioni moja na nusu. Halafu fikiria swali moja la lazima likirukwa kwa kosa la kanuni mara hizohizo. Kosa la karani mmoja huharibu kaya chache, lakini kosa la kanuni huharibu kila rekodi inayopita hapo. Ndiyo maana fomu inayoruka hujaribiwa kwa makini kabla ya kutumika.

7.4 Mfano wa kufanyia kazi: daftari la kaya za wazalishaji, Rukwa

Tutatumia mfano mmoja katika mada nzima. Ni mfano wa zoezi, si fomu ya ofisi yoyote.

Umeombwa kubuni fomu ya kusajili kaya za wazalishaji mkoani Rukwa. Mkoa huu una mazingira ya aina tofauti. Juu kwenye uwanda wa Ufipa, kama Laela na vijiji vinavyouzunguka mji wa Sumbawanga, watu hulima mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, kama Muze na Ilemba, kuna kilimo cha mpunga. Mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama Kirando na Kasanga, kuna wavuvi wa dagaa na migebuka. Wafugaji wako sehemu nyingi. Fomu ni moja, watu ni wa aina nyingi.

Nyuga zilizokubaliwa ni hizi:

| Na. | Uga | Huulizwa nani? |
|---|---|---|
| 1 | Namba ya kaya (ufunguo msingi) | Wote |
| 2 | Kijiji | Wote |
| 3 | Tarehe ya usajili | Wote |
| 4 | Analima? | Wote |
| 5 | Zao kuu | Anayelima |
| 6 | Ekari alizolima | Anayelima |
| 7 | Anafuga? | Wote |
| 8 | Idadi ya ng'ombe | Anayefuga |
| 9 | Idadi ya mbuzi | Anayefuga |
| 10 | Tarehe ya chanjo ya mwisho ya ng'ombe | Mwenye ng'ombe 1 au zaidi |
| 11 | Anavua? | Wote |
| 12 | Ziwa anakovua | Anayevua |
| 13 | Ana mtumbwi wake? | Anayevua |
| 14 | Idadi ya mitumbwi | Mwenye mtumbwi |

Mkulima wa mahindi wa Laela asiyefuga wala kuvua ataulizwa nyuga 1 hadi 7 bila kuruka hata moja, kisha uga wa 11. Jumla ni nyuga 8. Zilizorukwa ni 6. Wakiwepo wakulima 300 wa aina hiyo, fomu imeokoa maswali 1,800.

Mvuvi wa Kirando mwenye mtumbwi, asiyelima wala kufuga, ataulizwa nyuga 1, 2, 3, 4, 7, 11, 12, 13 na 14. Jumla ni 9. Zilizorukwa ni 5.

7.5 Hatua tano za kubuni

*Hatua ya 1: Orodhesha nyuga zote, na mbele ya kila uga andika "huulizwa nani?"* Jedwali la hapo juu ndilo kazi hiyo. Uga ambao huwezi kusema unamhusu nani, uondoe.

*Hatua ya 2: Tafuta maswali ya njia panda.* Kwetu ni uga wa 4, 7, 11 na 13. Uga wa 8 nao ni njia panda ya aina nyingine: jibu lake ni namba, na namba hiyo ndiyo inayofungua uga wa 10.

*Hatua ya 3: Panga mfuatano.* Swali la njia panda litangulie nyuga zinazolitegemea. Ukiweka "Idadi ya mitumbwi" kabla ya "Anavua?", fomu haina pa kujua iruke au isiruke.

*Hatua ya 4: Andika swali la njia panda kwa kukubali, si kwa kukanusha.* Uliza "Unafuga?" wala si "Hufugi?" Mtu asiyefuga akiulizwa "Hufugi?" hujibu "Ndiyo", akimaanisha "Ndiyo, sifugi". Karani akibonyeza Ndiyo, maana imegeuka na njia imegeuka pia.

*Hatua ya 5: Chora njia.* Tumia mchoro wa mtiririko. Umbo la almasi liwe swali la njia panda, msambamba uwe hatua ya kuingiza data, na mstatili uwe hatua ya kufuta data. Kila mshale lazima urudi kwenye njia kuu. Mshale usiorudi ni rekodi isiyoisha.

> Angalizo. Usiweke kanuni kwa kudhania. Mwanafunzi mmoja anaweza kufikiri: "Laela iko juu uwandani, mbali na ziwa. Kijiji kikiwa Laela, fomu iruke uvuvi wote." Inaonekana ni akili, lakini ni kosa. Mkazi wa Laela anaweza kwenda Kirando kuvua msimu mzima kisha akarudi shambani. Fomu iruke kwa jibu la mwenyewe, si kwa dhana ya mbunifu.

7.6 Kuandika kanuni ya kuruka

Kanuni ya ufugaji inaandikwa hivi:

SOMA Anafuga
KAMA Anafuga = "Ndiyo" BASI
  ONESHA IdadiNgombe, IdadiMbuzi
  LAZIMISHA IdadiNgombe, IdadiMbuzi
  KAMA IdadiNgombe > 0 BASI
    ONESHA TareheChanjo
  VINGINEVYO
    FUTA TareheChanjo
    FICHA TareheChanjo
  MWISHO WA KAMA
VINGINEVYO
  FUTA IdadiNgombe, IdadiMbuzi, TareheChanjo
  FICHA IdadiNgombe, IdadiMbuzi, TareheChanjo
  NENDA Anavua
MWISHO WA KAMA

Zingatia mambo mawili.

Kwanza, kuna KAMA ndani ya KAMA. Mtu anayefuga mbuzi pekee ataulizwa idadi ya ng'ombe, atajibu 0, na fomu itaruka tarehe ya chanjo ya ng'ombe.

Pili, kuna neno FUTA kabla ya FICHA. Wanafunzi wengi huliacha. Tuseme karani alibonyeza Ndiyo, akaandika ng'ombe 6, kisha akagundua kwamba wale ng'ombe ni wa jirani. Anarudi na kubadili jibu kuwa Hapana. Fomu ikificha bila kufuta, macho hayaoni kitu, lakini jedwali bado lina ng'ombe 6 kwa mtu asiyefuga. Kinachofichwa kwenye skrini hakijaondoka kwenye jedwali.

Kufuta nako kuna hatari yake. Kidole kinaweza kugusa Hapana kwa bahati mbaya. Kwa hiyo fomu nzuri huuliza kwanza: *"Umebadili jibu. Idadi ya ng'ombe (6) itafutwa. Uendelee?"*

7.7 Tupu, sifuri na haihusu

Soma kifungu hiki mara mbili. Hapa ndipo fomu inapofaulu au inapofeli.

Kaya tano zimesajiliwa. Angalia uga wa ng'ombe:

| Kaya | Anafuga? | Idadi ya ng'ombe | Idadi ya mbuzi |
|---|---|---|---|
| A | Ndiyo | 6 | 0 |
| B | Hapana | (tupu) | (tupu) |
| C | Ndiyo | 10 | 3 |
| D | Ndiyo | (tupu) | 5 |
| E | Ndiyo | 0 | 8 |

Kaya B, D na E hazioneshi ng'ombe hata mmoja, lakini kila moja ina maana yake:

- E ina sifuri. Mtu aliulizwa, akajibu: anafuga, ila hana ng'ombe. Hili ni jibu kamili.
- B haihusiki. Mtu hafugi, kwa hiyo swali lilirukwa kwa haki. Huu ni utupu halali.
- D haijajibiwa. Mtu anafuga, lilipaswa kuulizwa, na halikujazwa. Huu ni utupu wa kosa.

Sasa tafuta wastani wa ng'ombe kwa kaya:

*Ukichukulia kila tupu kuwa sifuri:* (6 + 0 + 10 + 0 + 0) ÷ 5 = 3.2

*Ukichukulia sifuri ya E kuwa tupu na kuitupa:* (6 + 10) ÷ 2 = 8

*Ukitumia kaya zinazofuga na zilizojibu (A, C na E):* (6 + 10 + 0) ÷ 3 = 5.3

Kaya ni zilezile, ng'ombe ni walewale, lakini wastani ni tatu tofauti. Jibu la tatu ndilo sahihi kwa swali "kaya inayofuga ina wastani wa ng'ombe wangapi?", tena ni kwa kaya zilizojibu tu, na lazima useme hivyo.

Athari yake si ya darasani pekee. Tuseme afisa mifugo anatumia jedwali hili kuagiza chanjo. Ng'ombe waliohesabiwa ni 16. Akiagiza dozi 16 na D akaja na ng'ombe wake 9 siku ya chanjo, kuna wanyama watakaorudi bila kuchanjwa, na ugonjwa hauchagui nani aliandikwa. Fomu yenye kanuni inamwambia afisa jambo moja la msingi: nenda kwa D, usihangaike kwenda kwa B. Fomu isiyo na kanuni inamwonesha matundu mawili yanayofanana.

Ili fomu yako iwe na uwezo huo, shika kanuni tatu:

1. Swali la njia panda lihifadhiwe daima kwenye jedwali. Usilitumie kuongoza skrini tu kisha ukalitupa. Bila uga wa "Anafuga?", B na D hawatofautiki tena.

2. Swali la njia panda lianze bila jibu. Ukiliwekea Hapana tangu mwanzo, karani anayepita haraka ataiacha hivyo, na mfugaji atahesabiwa kuwa si mfugaji. Rekodi isihifadhiwe mpaka jibu lichaguliwe.

3. Uga uliofunguliwa uwe wa lazima, lakini uwe na njia ya kusema "hajui". Ukilazimisha namba bila njia hiyo, karani atabuni namba. Weka uga wa pembeni wa "Sababu ya kutojibu". Usitumie namba kama 99 kumaanisha "hajui", kwa kuwa mfugaji anaweza kuwa na ng'ombe 99 kweli.

7.8 Kutekeleza kwenye Microsoft Access

Kama shule yenu ina Microsoft Access, fanya yafuatayo kwa vitendo. Maneno ya Kiingereza yaliyotajwa ndiyo utakayoyaona kwenye skrini.

*Chagua aina ya data kwa uangalifu.* Aina ya Yes/No inavutia kwa swali la njia panda, lakini ina hali mbili tu. Haina nafasi ya "bado hajajibu", na mwanzo wake ni Hapana. Tumia uga wa maandishi wenye orodha ya kuchagua: Ndiyo, Hapana.

*Ondoa sifuri ya kuanzia.* Unapotengeneza uga wa namba kwenye Design View, Access mara nyingi huweka 0 kwenye sifa ya Default Value. Ifute. Usipoifuta, kila asiyefuga ataandikiwa ng'ombe 0 kabla hata hajaulizwa.

*Weka kanuni kwenye matukio mawili.* Tukio la After Update la uga wa Anafuga hutekelezwa jibu linapobadilishwa. Tukio la On Current la fomu hutekelezwa unapohamia rekodi nyingine. Ukiweka la kwanza peke yake, nyuga zilizofichwa kwa kaya B zitabaki zimefichwa ukihamia kaya C, ingawa C anafuga. Kwenye On Current weka sehemu ya kuonesha na kuficha tu. Sehemu ya kufuta ibaki kwenye After Update.

*Chagua kati ya kuficha na kuzima.* Sifa ya Visible ikiwa No, uga hauonekani. Sifa ya Enabled ikiwa No, uga unaonekana kwa kufifia lakini haujazwi. Kuzima kunafaa mwingizaji anaponakili kutoka karatasi, kwa sababu mpangilio wa skrini haubadiliki. Kuficha kunafaa kwenye skrini ndogo. Sifa ya Tab Stop ikiwa No, kitufe cha Tab kinaupita uga, lakini mtu bado anaweza kuubofya na kuujaza; kwa hiyo hiyo peke yake haitoshi.

*Linda jedwali pia.* Data zinaweza kuingia bila kupita kwenye fomu, kwa mfano zikiletwa kutoka faili la Excel. Weka kanuni ya uhakiki kwenye jedwali lenyewe: *IdadiNgombe iwe tupu, isipokuwa Anafuga ni Ndiyo.* Fomu ni mlango wa mbele. Usisahau wa nyuma.

7.9 Kuijaribu fomu

Kujaribu si kuingiza rekodi moja na kuona imekubali. Kila njia ipitwe angalau mara moja. Hesabu njia za fomu yetu:

- Kilimo: analima, halimi. Njia 2.
- Ufugaji: hafugi, anafuga bila ng'ombe, anafuga na ana ng'ombe. Njia 3.
- Uvuvi: havui, anavua bila mtumbwi wake, anavua na ana mtumbwi. Njia 3.

Michanganyiko yote ni 2 × 3 × 3 = 18. Kwa kuwa sehemu hizi tatu hazitegemeani, rekodi 3 zilizochaguliwa vizuri zinatosha kupita kila njia mara moja:

1. Analima, hafugi, havui.
2. Halimi, anafuga bila ng'ombe, anavua bila mtumbwi.
3. Analima, anafuga na ana ng'ombe, anavua na ana mtumbwi.

Baada ya hapo ongeza majaribio mawili ya mabadiliko: badili Ndiyo kuwa Hapana na ufungue jedwali uone kama nyuga zimefutwa, kisha hama kutoka rekodi ya asiyefuga kwenda ya anayefuga uone kama nyuga zimefunguka.

7.10 Makosa yanayopoteza alama

- Kusema fomu "huhifadhi data". Jedwali ndilo huhifadhi.
- Kuandika KAMA bila VINGINEVYO, hivyo fomu haijui la kufanya jibu likiwa Hapana.
- Kuficha bila kufuta.
- Kuita tupu na sifuri kitu kimoja.
- Kuchora mchoro wa mtiririko ambao mshale wa Hapana hauna unakoishia.

Maswali ya kujipima

1. Mkazi wa Muze analima mpunga, ana mbuzi 8, hana ng'ombe, na havui. Taja nyuga zitakazorukwa. (alama 2)

2. Uga wa IdadiNgombe ni tupu katika rekodi mbili. Katika ya kwanza Anafuga ni "Hapana". Katika ya pili ni "Ndiyo". Eleza maana ya kila utupu na hatua ya kuchukua. (alama 4)

3. Andika kanuni ya kuruka kwa nyuga za 11 hadi 14. (alama 5)

4. Kaya sita zina data hizi za ng'ombe: Ndiyo 4, Hapana tupu, Ndiyo 0, Ndiyo 11, Ndiyo tupu, Hapana tupu. (a) Tafuta wastani sahihi kwa kaya zinazofuga na zilizojibu. (b) Tafuta wastani utakaopatikana mtu akihesabu kila tupu kuwa sifuri. (alama 4)

5. Fomu ya zahanati inauliza "Tarehe ya kliniki ya mwisho ya ujauzito" kabla ya kuuliza jinsi ya mgonjwa. Taja kosa, na utoe marekebisho. (alama 3)

Majibu

1. Nyuga za 10, 12, 13 na 14. Uga wa 8 haurukwi; anajibu 0.

2. Ya kwanza: swali halimhusu, kwa kuwa hafugi, hakuna hatua ya kuchukua. Ya pili: swali linamhusu lakini halikujibiwa, afuatiliwe ili jibu lipatikane.

3. SOMA Anavua
KAMA Anavua = "Ndiyo" BASI
  ONESHA na LAZIMISHA Ziwa, AnaMtumbwi
  KAMA AnaMtumbwi = "Ndiyo" BASI
    ONESHA na LAZIMISHA IdadiMitumbwi
  VINGINEVYO
    FUTA na FICHA IdadiMitumbwi
  MWISHO WA KAMA
VINGINEVYO
  FUTA na FICHA Ziwa, AnaMtumbwi, IdadiMitumbwi
MWISHO WA KAMA
HIFADHI rekodi

(Gawanya alama hivi: KAMA ya nje 1, KAMA ya ndani 1, VINGINEVYO zote mbili 1, kufuta 1, kuhifadhi mwishoni 1.)

4. (a) (4 + 0 + 11) ÷ 3 = 5. (b) 15 ÷ 6 = 2.5. Tofauti ni mara mbili.

5. Kosa: uga unaotegemea umetangulia swali la njia panda, hivyo fomu haiwezi kuuruka. Marekebisho: anza na "Jinsi", ikiwa Mwanamke, uliza "Ni mjamzito?", jibu likiwa Ndiyo, ndipo uga wa tarehe ya kliniki ufunguliwe. Atakayeweka jinsi pekee bila swali la ujauzito apewe alama 2, kwa sababu si kila mwanamke anayefika zahanati ni mjamzito.